Simba Yajengwa Upya, Fundi Simu Ahofia Binti Kuvaa Kijani

Ukitaka kumjua mwana Simba wa Agosti hii ya 2024, muulize swali dogo tu: "Vipi, timu mwaka huu?" Zamani jibu lilikuwa linatoka hata swali hujalimaliza. Siku hizi anavuta pumzi kwanza, anaangalia kama kuna mtu wa Yanga karibu, halafu anasema "tutaona." Tutaona! Watu waliobeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, leo wanaongea kama wanasubiri matokeo ya NECTA.

Kuna jamaa mmoja wa Tabata, fundi simu, ambaye hali hiyo inamtesa kuliko wengi. Simba damu, karithi kwa baba yake, na baba karithi kwa babu. Kwenye kibanda chake kabandika picha ya kikosi cha 2019, jua limeipiga mpaka jezi nyekundu zimekuwa pinki. Haitoi. Wateja wa Yanga wakija wanainyooshea kidole: "Fundi, na hawa unawatengeneza?" Anacheka kidogo, anaendelea kufungua skrubu.

Utani wa wateja anauweza, lakini wa nyumbani umemshinda. Ana binti wa miaka saba, na hapo piga hesabu mwenyewe. Tangu mtoto huyo aanze kuelewa mpira ni kitu gani, bingwa ni Yanga. 2021/22 Yanga, 2022/23 Yanga, 2023/24 Yanga tena. Ile Simba ya kumfunga Al Ahly kwa Mkapa ambayo baba yake anaisimulia kila siku, kwake ni ngano tu, kama za sungura na fisi. Mwezi wa sita kaja na ombi, anataka jezi. Baba akafurahi, akamuuliza mgongoni iandikwe jina la nani. Mtoto akamjibu bila wasiwasi: Aziz Ki.

Mama mtu, ambaye mpira kwake ni kelele tu, alicheka mpaka akakaa chini. Mjomba wa mtoto, Yanga lialia, akataka kuinunua kesho yake asubuhi. Ikabidi fundi aombe muda kama mtu aliyechelewa kodi: "Shem, tusubiri mpaka Desemba. Akiitaka bado, mnunulie, sitasema kitu." Wakakubaliana. Kwa hiyo wengine wanasubiri msimu huu kwa ajili ya kombe, yeye anausubiri kwa ajili ya mtoto.

Na ana sababu za kuogopa. Novemba 5, 2023, siku ile ya tano moja, alifunga kibanda na kuzima simu. Fundi simu kazima simu, jamani. Wiki nzima watu walikuwa wanampungia mkono huku wamekunjua vidole vyote vitano. Baada ya hapo Robertinho akaondoka, akaja Benchikha, naye Aprili akaaga. Yanga wakashinda tena mechi ya marudiano 2-1. Mwisho wa ligi Simba wakamaliza wa tatu, pointi sawa na Azam lakini wakazidiwa mabao, ndiyo maana mwaka huu hawako Ligi ya Mabingwa Afrika, wako Shirikisho. Wale waliokuwa wanawaita Mwakarobo kwa kuishia robo fainali, sasa wanasema hata hiyo robo wataikumbuka.

Halafu ikaja Julai mosi. Chama, Mwamba wa Lusaka mwenyewe, akatangazwa Jangwani. Fundi alisema ni uongo mpaka alipoona picha. Bocco nahodha kaondoka, Inonga kaenda Morocco, Saido hayupo. Baleke, aliyekuwa anawafungia mabao, naye kaibukia Yanga. Ukiwa mwana Simba mwaka huu ni kama umerudi nyumbani ukakuta wapangaji wote wapya, hujui nani anaitwa nani.

Wapangaji wenyewe ni hawa: Joshua Mutale kutoka Power Dynamos, Steven Mukwala aliyekuwa Asante Kotoko ya Ghana, Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, Debora Fernandes wa pale katikati, Okejepha kutoka Nigeria, Abdulrazak Hamza beki wa nyumbani aliyetokea Afrika Kusini. Kipa Moussa Camara kaletwa haraka kutoka Guinea baada ya Lakred kuumia. Wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu ambao kwetu walikuwa hawana jina. Na kocha ni Fadlu Davids, aliyekuwa kwenye benchi la Raja Casablanca iliyochukua ligi ya Morocco bila kupoteza mechi. Kawapeleka kambini Ismailia, Misri, wamerudi na kaulimbiu ya "Ubaya Ubwela" inayoimbwa mpaka na makonda wa daladala.

Fundi alijiwekea sheria: majina hajifunzi mpaka Oktoba. Kaumizwa sana na wachezaji wa kupokelewa airport kwa matarumbeta, wakiondoka hata mlango haugongi. Msimamo mzuri, lakini haukufika mbali. Jumamosi ya Simba Day tiketi alizikosa, akabaki nyumbani na king'amuzi. Wakati wa utambulisho binti akanyoosha kidole kwenye TV: "Baba, huyu nani?" Baba akamwaga wasifu mzima, huyo ni Mutale, winga, Mzambia, timu aliyotoka ilicheza na sisi mwaka jana, mguu anaoupenda ni huu. Mama akageuka: "Si ulisema huwajui?" Kimya. Simba wakaifunga APR ya Rwanda 2-0, na jamaa alishangilia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

Wenzake kijiweni wamegawanyika. Kuna waliokwishaanza kusema ubingwa huu hapa. Kuna mmoja anasema hawezi kumwamini mchezaji ambaye hajamuona akicheza kwenye matope ya mkoani. Huyo ana hoja. Kikosi kikibadilishwa karibu chote kinahitaji muda, na ligi yetu ukidondosha pointi tano za mapema unazitafuta mpaka Mei. Ila wanaocheka nao wasisahau walikotoka. Yanga hii inayotamba leo, msimu wa 2018/19 ilikuwa inapitisha bakuli kwa mashabiki, kocha Zahera mwenyewe akihamasisha michango. Walikaa misimu minne bila ubingwa, wakajenga taratibu, mpaka leo wanatesa. Fundi ameishika hoja hiyo kama nauli ya mwisho mfukoni, kila mtani akija anaitoa.

Tatizo ni kwamba kipimo kimekuja mapema mno. Alhamisi hii, tarehe 8, ni nusu fainali ya Ngao ya Jamii, na mpinzani ni Yanga haohao, waliotoka juzi Afrika Kusini kuwafunga Kaizer Chiefs nne bila. Chama atakuwa upande wa pili. Timu yenye umri wa mwezi mmoja inapewa mtani kabla hata ligi haijaanza! Fundi angependa Tabora United, Kagera Sugar, yeyote yule. Anasema wakifungwa moja atakubali, hiyo ni timu changa. Mbili atavumilia. Tatu hataki hata kuitamka.

Kapanga kuangalia nyumbani, siyo kibanda umiza, na kamwambia binti anaruhusiwa kukesha mpaka filimbi ya mwisho. Mama kauliza kama ni busara, maana mambo yakiharibika mtoto ndiyo basi tena. Hajapata jibu.

Jana usiku shemeji katuma meseji WhatsApp, anaulizia saizi ya mtoto, "najiandaa tu na Desemba, shem." Fundi kaisoma, tiki mbili za bluu zinaonekana, mpaka leo mchana hajajibu.