Land Rover ya Misheni: Tuifufue au Tununue Iliyofufuliwa?



Katika parokia ninayotoka, hapa bondeni Kilombero, kuna Land Rover 109 iliyoachwa na wamisionari. Imelala juu ya mawe miaka mingi, na sasa waumini wamegawanyika. Wazee wanataka ifufuliwe. Vijana wanasema zipo za aina hiyo hiyo zinazouzwa zikiwa zimekwisha kufufuliwa: unalipa, unawasha, unaondoka. Wakati wa likizo kamati ya uchumi ilinipa kazi ya kupiga hesabu ya njia zote mbili. Fedha itatoka kwenye sadaka ya mavuno ya mpunga na miwa, kwa hiyo hesabu hii si ya mchezo.

Wazee wana hoja. Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika nchini mwaka 1921, walizihudumia misheni za bonde hili kwa miongo mingi, na gari lile lilikuwa mkono wao. Lilibeba simenti, mahindi, wagonjwa wa kupelekwa Ifakara, hata maiti. Yupo mama kigangoni aliyezaliwa ndani yake.

Wana pia hoja ya kiufundi. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi yake ni alumini, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Ukiiosha leo, ya kwetu inaonekana nzima. Lakini chasisi ni ya chuma, na chuma katika unyevu wa huku huoza kuanzia ndani. Fundi tuliyemwita aliigonga chasisi kwa nyundo. Sehemu tatu zilitoa mlio wa debe, na sehemu ya nne nyundo ilizama.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, ili njia ya kufikiri ionekane. Tuseme fundi anakadiria milioni 18 kulifufua, na lililofufuliwa linauzwa milioni 28. Gari ni letu tayari, kwa hiyo kila mtu anaona tumeokoa milioni 10. Lakini makadirio hufanywa kabla gari halijafunguliwa. Likifunguliwa, chasisi iliyooza inadai milioni 5 zaidi. Safari za kufuata spea Dar es Salaam, pamoja na spea zilizonunuliwa zikakataa kuingia, milioni 2. Kazi ikichukua mwaka mzima, padre bado lazima afike vigangoni: Jumapili 52 za kukodi gari kwa shilingi 60,000 ni 3,120,000. Jumla ni 28,120,000. Akiba yote imeyeyuka, na hakuna aliyeiba hata senti.

Lipo na la pili. Gari bovu lina bei yake, na zima lina bei yake, lakini lililofunguliwa nusu, injini sakafuni na nati kwenye makopo, halina mnunuzi. Fedha ikiisha katikati, tutakuwa tumepoteza hata kile tulichokuwa nacho. Katika Luka 14:28 Bwana anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza aketi ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza.

Kwa nini basi mtu auze gari alilolifufua kwa bei ndogo kuliko alizotumia? Kwa sababu soko halilipi mapenzi. Aliyelifufua alitumia jioni zake na Jumamosi zake kwa sababu analipenda, na wapenzi wa magari haya ni wengi: Oktoba 2024 walikusanyika Arusha kwa tamasha la Land Rover. Mnunuzi hulipia gari, si jioni zile.

Hata hivyo vijana nao wasikimbilie rangi. Rangi mpya ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika ufufuaji, na chini yake panaweza kuwa na puti tupu. Kwenye magari mengi mtu hupima kwa sumaku: mahali isiponasa, kuna puti. Kwenye Land Rover kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu alumini hainasi sumaku popote. Lazima ulale chini uiangalie chasisi. Linganisha namba yake na ya kwenye kadi ya gari. Dai picha na risiti za kazi iliyofanyika. Fika injini ikiwa bado ya baridi, uisikilize ikiwaka.

Wanafalsafa wenzangu watakumbuka merikebu ya Theseus aliyoisimulia Plutarch: mbao zikibadilishwa moja moja hadi zote, je, ni merikebu ile ile? Tukibadilisha chasisi, injini na gia boksi, wazee watakuwa wamelipia gari la wamisionari au gari jingine lenye milango yake? Mimi nafuata njia ya Aristotle, anayefundisha kwamba jicho lisiloona ni jicho kwa jina tu. Gari ni kwa ajili ya kubeba. Wakapuchini hawakulileta tulitunze, walilileta litubebe.

Kwa hiyo pendekezo nililoiandikia kamati ni hili. Kama haja yetu ni padre na mgonjwa kufika, tununue lililofufuliwa, baada ya fundi wetu kulikagua, na ibaki akiba ya matengenezo. Lile la zamani lisiuzwe chuma chakavu. Wapewe vijana wanaojifunza ufundi, walifungue polepole chini ya fundi mzee, kwa michango ya hiari ya wanaolipenda. Hapo kazi yenyewe ndiyo faida, na hata likichukua miaka 6 hakuna mgonjwa atakayekuwa analisubiri. Sadaka ya mavuno isiguswe kwa ajili yake. Aliyeitoa alikuwa shambani, na ana haki ya kuona imemfikishia mtu Ekaristi au imemfikisha mgonjwa hospitali.