Mama, ukinunua sabufa angalia na rimoti

Mama zangu wa Mchikichini, Kariakoo kwetu ni pua na mdomo, na kila duka utaambiwa chukua kubwa ndio ina mdundo. Achana nalo. Chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani, sabufa ndogo ya spika mbili inatosha kabisa. Spika zikae juu ya kabati, mbali na kichwa cha mtoto, na mkiongea msipigiane kelele.

Ila leo shida yangu ni rimoti. Zile bapa kama kadi hutumia betri ya duara, mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2 tu, hata kama ilishachoka kuwasha kitu. Mwambie muuzaji unataka rimoti ya betri ndefu za kawaida, au yenye kifuniko cha skrubu. Hana? Nenda duka la pili.

Ukihisi tu kameza, usimtapishe, usimpe chakula, usimsubiri baba arudi. Panda boda, nenda Amana muda huohuo. Ukifika mapokezi anza na neno betri, ili apigwe eksirei haraka.