Nusu Tangi Katikati ya Mikumi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa huianza safari yake mara mbili. Mara ya kwanza ni pale anapoiacha Kibaha na msongamano wake nyuma. Mara ya pili ni pale anapoiacha Morogoro. Katika kilomita 190 hivi za mwanzo, maduka, wauza machungwa na vituo vya mafuta havimwachi peke yake hata kidogo. Lakini baada ya Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa mkono wa kushoto, nyumba huanza kupungua, na mbele yake hungoja Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara kuu huipasua hifadhi hiyo kwa mwendo wa kilomita 50 hivi, na katika kipande hicho msafiri hakuti kijiji wala kituo cha mafuta.

Humo ndimo gari letu lilipoishiwa dizeli.

Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na Mjomba, mwenye gari. Tulikuwa tunakwenda Iringa kumjulia hali Mama Mkubwa, dada yake Mjomba, aliyekuwa mgonjwa kwa majuma mengi. Mjomba ni mzee aliyetimiza miaka 70 na ushee, na macho yake hayamruhusu tena kuendesha safari ndefu. Hivyo alinikabidhi usukani, akanikabidhi na fedha za kujaza tangi, kisha akanipa daftari lake dogo lenye jalada jeusi. Mshale wa mafuta katika gari lile ulikufa miaka mingi iliyopita. Umesimama kwenye nusu na haupandi wala haushuki. Daftari ndilo mshale wake. Kila anapotia mafuta huandika tarehe, idadi ya lita na kilomita zilizosomeka, na kwa hesabu hiyo hujua lini tangi litakauka.

Ndugu msomaji, hapa sina budi kukiri jambo. Asubuhi ile nilikwenda kituoni peke yangu. Nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto, na jana yake tu shule ilikuwa imenikumbusha. Nilitia lita 35, nikailipa ada kwa fedha iliyobaki. Rafiki mmoja aliyekuwa na deni langu alikuwa ameniahidi kunitumia fedha kwa simu kabla ya adhuhuri, na nilijiambia kuwa nitaongeza mafuta Morogoro na hakuna atakayejua. Katika daftari la Mjomba niliandika kwa mwandiko mzuri: “Tangi limejaa.”

Tulipofika Morogoro ilikuwa saa nane mchana. Nilisimama kando ya barabara, nikajifanya nakagua matairi huku nikitazama simu. Fedha haikuwa imeingia. Nilipiga hesabu kichwani, nikaongeza mabaki niliyodhani yamo katika tangi, nikaona huenda tungefika mji wa Mikumi. Hesabu ya mwenye hofu hukubali haraka jibu analolitaka.

Huko nyuma, Mjomba alikuwa anawasimulia watoto habari za barabara hii. Aliianza kazi mwaka 1967, akiwa utingo wa miaka 17 katika lori la kwenda Zambia. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, iliyozoea kupata mafuta yake kwa njia ya kusini, ikajikuta imebanwa. Mafuta yakaanza kupitishwa huku, yakiwa ndani ya mapipa, juu ya malori, katika barabara ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi, masika ilikuwa tope. Malori yaliteleza na kupinduka, na madereva wengi hawakurudi kwao. Wazungu waliipachika barabara hiyo jina lenye maana ya mbio za jehanamu.

“Tulikuwa tunabeba mafuta ya nchi nzima,” Mjomba alisema, “lakini ya kwetu wenyewe tuliyapima kwa kikombe.”

Tuliingia hifadhini kiasi cha saa kumi alasiri. Mikumi ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, na jina lake linatokana na mikumi, ile mivumo mirefu yenye kichwa cha majani kama mwavuli. Msafiri wa basi huiona bure yale ambayo wageni huyalipia ghali: swala pala waliotulia kwenye kivuli, twiga wanaokata majani ya juu ya migunga, punda milia na nyumbu katika uwanda wa Mkata. Mabango yanamwamuru dereva asizidi mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na mengine yanaorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Watoto walikuwa wanahesabu twiga. Walikuwa wamefika wa tisa pale injini ilipokohoa.

Gari la dizeli halifi ghafla. Kwanza hupoteza nguvu, kana kwamba limepanda mlima usioonekana. Kisha hujikaza, hukimbia hatua chache, hulegea tena. Usukani ulianza kuwa mzito mikononi mwangu. Niliwahi kuliweka kando ya lami, likazimika. Nikashika ufunguo ili niwashe tena.

“Acha!” Mjomba alisema. Sijapata kumsikia akipaza sauti namna ile. “Ukiwasha utaua betri, na utazidi kuvuta upepo.”

Kwa wasiojua, hapo ndipo dizeli inapotofautiana na petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepewa hataza ya injini yake mwaka 1893 na kuionyesha ikifanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897, hakuiwekea plagi ya kutoa cheche. Injini yake hubana hewa mpaka iwe moto mkali, kisha pampu husukuma mafuta kwa nguvu kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe yanapokutana na joto hilo. Ni kazi ya kubana tu. Mafuta hayabaniki, lakini upepo hubanika. Ukiingia upepo katika mabomba, pampu huubana na kuuachia bila kufikisha chochote kwenye nozeli. Kwa hiyo gari la petroli aghalabu ukilimiminia mafuta huwaka likaondoka, lakini la dizeli, hasa la zamani, unaweza kulimiminia pipa zima na lisiitike. Zaidi ya hayo, dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya pampu. Pampu ikizunguka kavu hujila yenyewe, na katika magari ya kisasa, yenye pampu za mgandamizo mkubwa sana, hasara hiyo ni ya fedha nyingi.

Mjomba alichukua daftari, akalisogeza karibu na macho, akasoma ukurasa wa mwisho. Akatazama kilomita.

“Daftari linasema tangi limejaa,” alisema taratibu. “Injini inasema ni tupu. Kati ya viwili hivi kimoja kinasema uongo, na injini haijui kuandika.”

Mke wangu alinitazama. Sikujibu. Mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuandika ukweli, nilitazama nje ya dirisha.

Nje kulikuwa na tembo. Walikuwa saba, wakitoka upande wa kulia, labda mita 100 mbele yetu, ndama mmoja akiwa katikati ya miguu ya wakubwa. Walivuka lami bila haraka. Binti yangu mdogo alinishika shati akauliza kama wanakula watu. Nilimwambia hapana, lakini niliona mikono yangu inatetemeka juu ya usukani. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na kila mtu ndani ya gari alijua kwamba usiku ni zamu ya simba.

Lori la kwanza kusimama lilikuwa la kubeba mafuta. Furaha yetu haikudumu. Dereva alitoa kichwa dirishani, akatuonyesha kuwa vifuniko vyote vimefungwa kwa lakiri mpaka mpakani, na tangi lake mwenyewe lina kufuli. Aliahidi kuwapasha habari askari wa hifadhi, akaondoka. Mjomba alicheka kidogo. Akawaambia watoto kwamba hata chini ya ardhi ya hifadhi hiyo mna mafuta: bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, hupita Mikumi. Ndilo lililoyapumzisha yale malori ya mapipa. Zamani lilibeba mafuta ghafi. Miaka ya karibuni limegeuzwa kubeba dizeli. Hivyo tulikuwa na dizeli juu ya magurudumu na dizeli chini ya udongo, nasi tunakosa vikombe vichache.

Gari la askari wa hifadhi lilifika baada ya nusu saa. Mmoja alisimama nyuma na bunduki, mwingine mbele, wakatusimamishia lori la mizigo lililotoka Tunduma. Dereva wake, kijana aliyevaa kandambili, alimwamkia Mjomba kwa heshima, akatoa mpira na dumu, akavuta lita 20 kutoka katika tangi lake. Alipokataa malipo, Mjomba alimwambia, “Nami nilipewa, mwanangu.”

Sasa mzee asiyeona vizuri akawa fundi. Alinipa spana, yeye akatumia vidole. Tulilegeza skrubu juu ya filta, akabonyeza pampu ya mkono. Kwanza ilitoka sauti ya upepo, halafu povu, halafu povu pungufu, mpaka dizeli ikatiririka safi bila kiputo. Tukakaza. Tukalegeza nati za mabomba ya nozeli, mke wangu akazungusha injini kidogo kidogo huku Mjomba akisikiliza. Dizeli ilipochuruzika, tukakaza moja baada ya nyingine. Injini ilikohoa moshi mweupe, ikasita, kisha ikanguruma. Watoto walipiga makofi. Hata askari alitabasamu.

Tuliingia mji wa Mikumi giza likianza kutanda. Kituoni, kabla mhudumu hajashika bomba, nilimweleza Mjomba yote: ada, deni, simu isiyoita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ungeniambia asubuhi,” alisema, “ningekupa ada, na mafuta tungetia. Nilikuwa nayo. Njia ya mwongo ni fupi, mpwa wangu. Yako imeishia kwa tembo.”

Kisha akatoa fedha kwa mara ya pili, akanipa zote mkononi bila kuzihesabu, akaenda kuwanunulia watoto maziwa. Hilo liliniuma kuliko kama angenikemea.

Tulipanda Kitonga usiku, nyuma ya msururu wa taa nyekundu za malori. Ilikuwa karibu saa sita tulipogonga mlango Iringa. Mama Mkubwa alikuwa ameketi kitandani, amekataa kulala mpaka amwone mdogo wake. “Kamwene,” alisema kwa sauti nyembamba, na Mjomba akaenda kumshika mkono. Walikaa hivyo muda mrefu. Nilifikiri juu ya saa mbili tulizozipoteza porini, na jinsi ambavyo zingeweza kuwa nyingi zaidi ya alizonazo.

Wenye magari ya dizeli wanahimizwa wasiache tangi lishuke chini ya robo, kwa maana huko chini ndiko hukaa maji na takataka. Huo ni ushauri mwema. Mimi ninao mwingine, uliomo katika daftari lenye jalada jeusi. Pale palipoandikwa “Tangi limejaa” pamepigwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko wangu usio mzuri sana, pameandikwa: “Lita 35.”