Kilimambogo: Mlima Uonekanao Kutoka Kayole

Mwenye kupanda juu ya paa la ghorofa huko Kayole baada ya Sala ya Alfajiri, hasa mvua inapokuwa imelaza vumbi, huuona mlima mmoja upande wa mashariki, ukielekea kidogo kaskazini, umejilaza peke yake uwandani. Wamasai wauita Ol Doinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa. Wakamba wauita Kyanzavi. Nasi Waswahili twauita Kilimambogo, kwa ajili ya nyati wake. Urefu wake ni mita 2,145, na tangu mwaka 1967 umekuwa hifadhi ya taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 20 hivi.

Wengi wetu tuliohamia Eastlands kutoka Mombasa, Lamu na Malindi huishi hapa miaka mingi bila kuufikia, ilhali njia si ndefu. Barabara ya Kangundo hupita Ruai, Joska na Malaa hadi Tala, kisha huachwa na kushikwa njia iendayo mji mdogo wa Donyo Sabuk. Likizo iliyopita tulikwenda familia sita za mtaa mmoja, nne za Kiislamu na mbili za majirani zetu Wakristo, tukalala usiku mmoja katika mahema karibu na lango la hifadhi. Kwa kuwa umbali ule haufikii masafa ya kupunguza Sala katika madhehebu ya Shafi, tuliswali kamili, akina mama nyuma na akina baba mbele, juu ya mikeka tuliyoichukua nyumbani.

Kabla ya kuondoka palizuka mjadala. Jirani mmoja ana mbwa wawili wapole, na vijana wetu walitaka mbwa hao waje walinde kambi usiku. Baadhi ya akina mama walikunja nyuso, wengine wakaona ni jambo la busara. Sheria ya hifadhi ikatukatia shauri: mbwa wa kufugwa haruhusiwi kuingia. Binti mmoja wa miaka tisa akauliza, "Mama, kwani mbwa ana kosa gani?"

Swali hilo lastahili jibu, nalo si jibu la kinyaa. Mbwa hana kosa. Ila aweza kubeba maradhi asiyoyajua. Mwaka 1994, katika mbuga ya Serengeti, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa uliwaingia simba na kuangamiza takriban thuluthi moja yao, kiasi cha simba 1,000. Wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyopakana na mbuga, na baadaye mbwa wa huko wakawa wanachanjwa. Kichaa cha mbwa nacho huwaua mbwa mwitu na fisi kama kiuavyo wanadamu. Sababu ya pili ni nyati wenyewe. Mbwa akimwona nyati hubweka, nyati akimfukuza mbwa hukimbilia kwa bwana wake, na hasira yote humfuata huko huko.

Asubuhi tulipanda tukiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwani hakuna ruhusa ya kupanda kwa miguu bila yeye. Kutoka langoni hadi kileleni ni kilomita 9 hivi. Alitufundisha kunyamaza, kutembea pamoja na kuangalia kinyesi kibichi njiani. Watoto wa Kayole, waliozoea honi za matatu na kelele za machimbo ya mawe, walinong'ona kwa muda wa saa nzima! Tuliona kima wakirukaruka mitini na pongo mmoja aliyesimama kama sanamu kisha akatoweka. Usiku uliotangulia tulikuwa tumemsikia perere akilia gizani kwa sauti inayokwaruza, hata mdogo wetu mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiyyi. Nyati tuliwaona mara moja tu: madume wawili wazee ng'ambo ya bonde, matope yamewakauka mgongoni, wakitutazama bila kutikisika. Askari alituambia kwamba madume wazee hujitenga na kundi, nao ndio wa kuogopwa zaidi.

Kabla ya kileleni pana makaburi. Hapo amezikwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, aliyekuwa na mashamba makubwa upande wa Juja na kumkaribisha huko Theodore Roosevelt mwaka 1909. Karibu naye wamelala mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker, na panaonyeshwa pia kaburi la mbwa wao. Jina la McMillan si geni mjini: maktaba iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931 kwa kumbukumbu yake kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee, na leo matawi yake ya Kaloleni na Makadara husomwa na watoto wa Eastlands.

Watoto wetu walisimama mbele ya kaburi la mbwa wakishangaa. Mzee mmoja katika msafara akawakumbusha kwamba mbwa ametajwa ndani ya Qur'ani pamoja na watu wa pangoni, akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Akawasimulia pia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani na kujaza maji kiatuni ampe mbwa aliyehema kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisha akaeleza mipaka: chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au shamba ameruhusiwa. Tohara na huruma, alisema, havigombani.

Maneno hayo yana kazi huku mitaani, ambako mbwa wasio na mwenyewe ni wengi na watoto huwapiga mawe kwa mchezo. Mbwa apigwaye mawe ndiye aumaye. Tuwafunze wana wetu kutomrushia jiwe, kutomkaribia alaye au anyonyeshaye, na kumwekea maji katika kopo lililotengwa. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Kwa familia itakayopenda kwenda: chukueni maji ya kutosha ya kunywa na ya udhu, sweta kwa ajili ya usiku, viatu vigumu, na chakula kilichofungwa vizuri kisiwavute nyani. Ondokeni mapema, ili mfike kileleni mawingu hayajapanda. Kukiwa kweupe, Mlima Kenya huonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine, na watoto wataweza kutafuta kwa vidole, katika ukungu wa moshi kule magharibi, mahali lilipo paa la nyumba yao.