Sauti ya Ufa



Ndugu msomaji, nanyi mama zetu na dada zetu, juma hili hatukuleta mas'ala ya mirathi wala ya malezi. Twaleta habari ya baiskeli. Huenda mkacheka mkasema sheikh amerejea utotoni, lakini tuvumilieni mpaka mwisho, kwani katika kisa hiki nusura tuteleze, sisi tunaosimama kila siku kuwaonya wenzetu wasiteleze.

Baiskeli tuliyoijua sisi ni ile nyeusi ya marehemu baba yetu, yenye breki za vyuma badala ya waya, na keria ya nyuma iliyobeba gunia la unga siku za kazi na mama yetu siku za Idi. Uzito wake ulikuwa kilo 20 hivi. Ikigongwa ilipinda, na ikipinda fundi aliinyoosha kwa nyundo, maisha yakaendelea. Kwa hiyo mwanetu wa pili, kijana wa miaka 19, alipotwambia kwamba amenunua fremu ya baiskeli ya mbio, fremu tupu isiyo na gurudumu wala kiti, tena iliyokwisha tumika Ulaya, kwa shilingi 38,000, tulidhani tumesikia vibaya.

"Elfu thelathini na nane, mwanangu, kwa mifupa?"

"Ni kaboni, Baba," akajibu, kana kwamba neno hilo peke yake ni hoja.

Fedha zilikuwa zake. Alizichuma kwa mwaka mzima akiwasomesha watoto wa mtaa hesabu nyakati za jioni. Kumbe muda wote huo alikuwa akifuatilia habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa na David Kinjah, kisha mwaka 2013 akashinda Tour de France. Na za Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu za mashindano hayo hayo mwaka 2024. Sisi hatukuwajua watu hawa. Na hapo ndipo tulipoona haya. Tulijua mwanetu amehifadhi juzuu ngapi, wala hatukujua anaota nini. Aghlabu maneno yetu naye yalikuwa ya kumhoji: umesali? umefunga mlango? umempigia ami yako? Basi tukaweka sharti moja tu. Baiskeli itajengwa uwanjani kwetu, na sisi tutakaa naye, tumshikie spana.

Fremu ilipofika, imefungwa kwa makaratasi na sponji, tuliinyanyua kwa kidole kimoja. Haikuzidi kilo moja na nusu. Mama yao, aliyekuwa akikuna nazi, aliuliza kama ni plastiki. Mwanetu akatusomesha, nasi tukawa wanafunzi. Kaboni hii ni nyuzi, kila uzi mwembamba kuliko unywele, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikashikanishwa kwa gundi maalumu, zikatiwa katika kalibu na kuokwa kwa moto hadi zikawa kitu kimoja. Nguvu yake hufuata njia ya nyuzi. Ukiivuta kwa urefu wake haivutiki, ila ikigongwa ubavuni na jiwe huenda ikaumia ndani kwa ndani. Na tofauti yake kubwa na chuma ni hii: chuma hupinda kwanza, kikakuonya. Kaboni aghlabu haipindi. Hukaa kimya, ikionekana nzima, mpaka siku inapovunjika ghafla.

Kazi ilichukua majuma matatu, baina ya Alasiri na Magharibi. Magurudumu, gia na breki tulivipata vikuukuu kwa fundi mmoja mzee wa mtaani, na hapo sisi tuliongeza shilingi 20,000 tulizokuwa tumeziweka kando kwa ajili ya paa letu linalovuja. Tulijifunza mengi. Tulijifunza kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume, la sivyo mwendo wenyewe wa miguu ungeilegeza njiani. Tulijifunza kwamba bomba la kiti, likiwa la kaboni, halipakwi grisi, bali hupakwa uji mzito wenye chembechembe kama mchanga, ili lishike bila ya kubanwa mno. Tukajifunza pia hila za hewa yetu ya pwani: aluminiamu ikigusana na kaboni, chumvi ya bahari huila upesi. Kila mahali viwili hivyo vinapokutana, mtu hana budi kufungua na kusafisha kila baada ya muda.

Zaidi ya yote tulijifunza kipimo. Mafundi wa zama zetu walikaza nati mpaka mkono ukatae. Kaboni haivumilii hivyo. Kwenye kibano cha kiti paliandikwa kipimo cha nguvu ya kukaza, nyutoni-mita 5, na isizidi hapo. Mwanetu aliazima spana yenye kupima, ambayo hulia "tik" kipimo kikitimia. Mara ya kwanza ilipolia, sisi kwa mazoea tulitaka kuongeza kidogo. Akatushika mkono. "Basi, Baba. Imetosha." Ilikuwa miaka mingi tangu mtu wa nyumbani mwetu atwambie imetosha, na wallahi tulifurahi kuambiwa.

Jioni ya mwisho baiskeli ilisimama ukutani, kilo nane tu kwa ujumla wake, nzuri kama farasi wa harusi. Mama yao akaja na kitambaa kuifuta vumbi. Mama zetu mnaosoma haya mwajua kwamba chungu hakinunuliwi kwa macho. Wakigonga kwa kidole, wasikiliza. Kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Naye, pasi na kukusudia jambo, akawa anaigonga fremu kwa pete yake huku akifuta. Ti, ti, ti. Alipofika kwenye bomba la nyuma, lile linalokwenda sambamba na cheni, sauti ikabadilika. Tup.

"Maalim, hapa pana ufa."

Tukacheka. Akagonga tena: ti, ti, tup. Mwanetu hakucheka. Alikuwa amesoma kwamba wajuzi wa kaboni huipima vivyo hivyo, kwa kuigonga na sarafu na kusikiliza. Akabandua karatasi ya urembo iliyogandishwa mahali pale, ambayo sasa tuliona ni mpya kuliko nyingine zote. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba, urefu wa nusu kidole, na rangi imevimba kidogo. Ukibonyeza kwa gumba pananepa.

Aliyemuuzia tulimfikia kwa simu. Alisema mali kuukuu huuzwa kama ilivyo, akakata.

Siku ya tatu akaja kijana wa mtaa wa pili. Alikuwa ameiona picha ya baiskeli, akaipenda, na mkononi ana shilingi 60,000. Gharama zetu zote zilikuwa 58,000. Hapa ndipo tunapotaka kusema kweli mbele yenu. Tulilikumbuka paa. Shetani hakutwambia tudanganye, kwani neno hilo tunalijua na tungelikataa. Alitujia na neno jingine, lenye kilemba cha fiqhi: mwelezeni kasoro yake, naye akiridhia, biashara imesihi.

Basi tukamweleza. Tukamwonyesha ule mstari. Kijana akacheka. "Sheikh, kiufa hiki? Nipunguzieni elfu tano, mimi naipanda hivi hivi."

Kwa hesabu ya vitabu, jambo lilikuwa limekwisha. Kasoro imebainishwa, mnunuzi ameridhia. Tulikuwa tumekwisha fungua kinywa kusema alhamdulillahi, mwanetu akatutangulia.

"Haiuzwi."

Kijana aliondoka amenuna. Tulimuuliza mwanetu kwa nini, ilhali hatukuficha kitu. Akasema, "Baba, ni wewe uliyetusomesha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake. Yule mwuzaji alificha, nasi hatukuficha. Lakini unyevu kila mtu anaujua ukionekana. Huyu ameuona ufa, hakuujua. Na mama yake hajaisikia ile sauti."

Tulinyamaza. Darsa ilikuwa yetu, na mwalimu alikuwa yeye. Tulimfikiria kijana yule akivuka daraja la Nyali kwa kasi, matatu nyuma yake, na lile bomba likichagua saa hiyo kumaliza ukimya wake.

Iko njia ya kuitibu kaboni. Mafundi wenye ujuzi hukwangua mahali palipoumia, wakapanga tabaka mpya za nyuzi, wakazigandisha upya. Karibu nasi hatukumpata ambaye tungemkabidhi roho ya mtu. Wahenga walituusia kuziba ufa tusije tukajenga ukuta, walakini ufa huzibwa na ajuaye kuuziba. Basi Jumamosi asubuhi mwanetu alifungua kila kipande, kimoja kimoja, kisha akaikata ile fremu vipande viwili kwa msumeno, amejifunga barakoa na akimwagia maji, kwa kuwa vumbi la kaboni lina madhara kwa mapafu. Aliikata ili asije mtu akaiokota jaani, akaipaka rangi na kuiuza tena. Alipomaliza aliingia chumbani, na mchana ule hakula. Mama yake alimfunikia chakula chake mpaka Isha.

Sisi tulitoka kwenda kwa yule fundi mzee. Alikuwa na fremu ya aluminiamu, imechubuka rangi lakini nzima, akatupa kwa shilingi 6,000. Kabla ya kulipa tuliichukua nyumbani ikagongwa kwa pete. Ililia kote. Vipande vingi vilihamia bila taabu, ila bomba la kiti halikuingia, tukanunua jingine. Baiskeli sasa ni kilo 10 na ushei. Baada ya sala ya Alfajiri, jua halijachomoza sawasawa, mwanetu huvaa kofia yake ngumu akaenda mpaka Mtwapa na kurudi, na tukiwa mezani hutupa habari za upepo na za madereva. Twaona ni mara ya kwanza katika miaka mingi anatupa habari pasi na kuulizwa.

Mama zetu na dada zetu, wana wenu wakitaka baiskeli kuukuu za namna hii, msiwakataze kwa hofu wala msiwaache peke yao. Bandueni kila karatasi iliyogandishwa. Igongeni fremu yote kwa sarafu au pete, bomba baada ya bomba, na pahali sauti inapofifia msipapuuze. Viungio vya mabomba vina sauti yao kwa kuwa ni vinene, kwa hiyo linganisheni upande wa kulia na wa kushoto. Na baiskeli ya kaboni ikianguka, hata kama haionyeshi kovu, isipandwe kabla ya kutazamwa na ajuaye.

Ama paa letu, bado lavuja. Tumelitilia ndoo. Usiku wa mvua twasikia matone yakidondoka, na katika chumba cha pili twasikia pete ya mama yake, aliyoiazima, ikigonga aluminiamu taratibu, bomba baada ya bomba.

Wabillahi tawfiq.