Rusinga, alikolala 'bwana afya'

UKIPANDA matatu asubuhi mjini Migori, mpenzi msomaji, utapita mashamba ya miwa ya Awendo, ufike Rongo, kisha ushike njia ya kushoto hadi Homa Bay. Uache Mlima Asego nyuma yako, uende Mbita na kuvuka daraja. Umeingia Rusinga, kisiwa cha Wasuba, ambao wazee wao husimulia kwamba mababu walitoka upande wa Uganda.

Usikimbilie samaki kwanza. Nenda Kamasengre, kwenye kaburi la Tom Mboya.

Wengi wanamjua kama waziri. Wachache wanakumbuka kwamba alianza kazi kama bwana afya. Alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alikuwa ameajiriwa. Alisomea ukaguzi wa afya Jeanes School, Kabete, kisha akaandikwa kazi na Baraza la Jiji la Nairobi.

Siku moja akiwa peke yake kazini, mama mmoja Mzungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akatazama huku na huku, akauliza kama hakuna mtu. Na Mboya alikuwa amesimama pale pale mbele yake! Kijana akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake, Freedom and After.

Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Mboya akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka wa 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka wa 1959 alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege.

Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Jengo la kaburi lake lina umbo la risasi. Wapeleke watoto wako walione. Wakikuuliza ni nani amelala humo, usianze na uwaziri. Anza na ile chupa ya maziwa.