Kauntabuku la Mtunza Stoo

Kila nikisikia ofisi fulani imeleta mfumo mpya, mawazo yangu huenda Kenya, mwaka 2005. Mwezi Oktoba mwaka huo, wateja wasiofika mia tano wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, walioko Mathare, Thika na katikati ya jiji la Nairobi, walipewa simu na huduma ya majaribio. Lengo lilikuwa moja tu: mkopaji alipe rejesho lake kwa simu kupitia kwa wakala, asitembee tena na noti mfukoni. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, mfuko wa serikali ya Uingereza ukachangia fedha, na aliyekwenda Nairobi kusimamia kazi ni Susie Lonie. Huduma yenyewe ndiyo M-Pesa.

Watu wakaitumia wanavyojua wao. Wapo waliomlipia mwenzao rejesho, naye akawalipa kwa kazi au kwa bidhaa. Wapo waliolipana kwa biashara zao bila mkopo wowote kuhusika. Msafiri aliweka fedha mahali anapotoka akazitoa anapofika, ili asiibiwe njiani. Wafanyabiashara waliokuta benki imeshafungwa waliweka mauzo ya siku kwenye simu yalale salama hadi asubuhi. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia ndugu zao kijijini. Hakuna aliyewaelekeza haya, na mengine hayakuwamo kabisa kwenye mpango.

Ninachowaheshimu wasimamizi wale ni kwamba waliyaona hayo na kuyaamini. Wangeweza kuyaita matumizi mabaya na kuyafungia. Badala yake, M-Pesa ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, urejeshaji wa mikopo, ile sababu iliyoleta fedha za mradi, uliwekwa kando. Huduma ikatangazwa kwa jambo ambalo wateja wenyewe walilionyesha: kutuma pesa nyumbani. Kuacha wazo lililokupatia ufadhili, tena baada ya kuliandikia ripoti na kulitetea vikaoni, kunataka moyo.

Mimi nimekaa kwenye uhasibu miaka mingi, katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, na huko niliona jambo hilohilo likienda upande wa pili. Tuliletewa mfumo wa kompyuta wa kusimamia stoo. Ulikuwa mfumo mzuri, na hadi leo nausifu, lakini ulikuja na sharti: mzigo hauingizwi mpaka namba ya ankara ya muuzaji iwepo. Saruji na nondo zilifika usiku kwa lori. Ankara ilikuja kwa basi siku mbili baadaye. Na asubuhi mafundi wako getini wanasubiri.

Mtunza stoo wetu, mzee mtulivu, akawa anatoa mzigo kwa kuandika kwenye kauntabuku la kwaya mbili: tarehe, namba ya gari, idadi, jina la aliyechukua, sahihi. Ankara ikifika anabaki jioni akiingiza kwenye kompyuta yote yaliyopita. Makao makuu waliona tarehe zinapishana na mauzo. Wakamletea barua ya kujieleza kwa nini anakaidi maelekezo.

Kisha akaja mkaguzi wa ndani, binti bado kijana. Alimwamkia mzee, akaomba kauntabuku, akaketi juu ya mifuko ya saruji akalisoma ukurasa kwa ukurasa.

“Mzee, hizi siku mbili ankara inakuwa wapi?”

“Iko kwenye basi, mwanangu.”

Haikuchukua muda mfumo ukarekebishwa: mzigo uingie kwa delivari noti aliyonayo dereva, ankara iambatishwe ikifika. Kinachoniuma ni kwamba maelezo yaliyotakiwa na ile barua yalikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa mwandiko safi na sahihi za watu, na aliyeandika barua hakuwahi kufika stoo.

Najua pia kuna madaftari ya pembeni ya wizi. Nimeyaona, na waliohusika niliwaripoti. Ila daftari la mwizi halikai juu ya meza, wala halina sahihi ya kila aliyechukua mzigo.

Hili la kwenda kuona kazi pale inapofanyika, Wajapani walilishughulikia zamani. Inasimuliwa kwamba Taiichi Ohno wa Toyota alimchorea meneja duara la chaki sakafuni na kumtaka asimame humo saa nyingi, atazame kazi tu. Mwaka 1984 Toyota na General Motors walifungua upya kiwanda cha Fremont, California, kilichofungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale. Safari hii walipewa kamba ya kuvuta wakiona kasoro, na kiongozi wa timu akija kusaidia. Kasoro isipotatulika, mstari mzima unasimama. Ubora wa magari ukapanda. Wale walioitwa wakorofi ndio waliokuwa wakiijua kazi.

Siku hizi mkurugenzi anaona stoo zote za mikoani kwenye simu yake, kwa michoro na rangi, na sasa inaongezwa akili unde ya kumtabiria mahitaji. Nayafurahia haya, maana najua usiku wa kufunga hesabu kwa karatasi ulivyokuwa. Lakini nawaona wakubwa wakipunguza safari za stoo kwa sababu simu inawatosha, na hilo linanitia hofu kweli.

Vijana mnaotengeneza mifumo, wengi wenu hodari kupita sisi, nawaomba: kabla hamjaandika masharti, ombeni kuona kauntabuku. Zahanati wanalo, chama cha ushirika wanalo. Tafuteni safu ambazo mwenyewe amezichora kwa rula, zile ambazo fomu ya ofisi haina. Mzee wetu alikuwa na safu ya mifuko iliyofika imelowa. Mfumo hadi leo hauna nafasi ya mifuko hiyo, na tunapomdai msafirishaji fidia tunapeleka nakala ya ukurasa wa daftari.